Kipimajoto Hakijui Kila Kitu



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, nyumba, posho na saa za kazi. Leo nataka tuzungumze juu ya mlango mmoja ambao kila mmoja wetu ameupitia, nao ni mlango wa zahanati ya kampuni. Nina swali ambalo laonekana dogo: muuguzi anayetupokea pale hujuaje kwamba sisi ni wagonjwa? Kuna kijana mmoja aliyekaribia kufa kwa sababu ya swali hilo.

Wakati huo nilikuwa kibarua katika shamba moja la kahawa. Asubuhi moja kijana wa kundi letu alipewa bomba la mgongoni apige dawa ya wadudu. Glavu hazikuwapo. Kitambaa cha kufunika pua kilikuwa kipande cha shati lake kuukuu. Bomba lenyewe lilikuwa likivuja mgongoni. Ilipofika saa sita alianza kusema kwamba kichwa kinamuuma na macho hayaoni sawasawa. Nyapara alimruhusu aende zahanati, lakini akamwonya: "Kama huna homa, rudi upesi umalize mistari yako."

Pale zahanati alimkuta nesi kijana, aliyetoka chuoni karibuni. Nesi akampima joto, akaona ni la kawaida. Akamwuliza kama anatapika, naye akajibu kwamba moyo unamchafuka tu. Basi nesi akaandika katika daftari "kichwa", akampa vidonge viwili vya aspirini na kumwambia arudi kazini. Simlaumu sana. Alifanya kama alivyoagizwa, kwamba asiye na homa si mgonjwa, na kila mwisho wa mwezi meneja alikuwa akihesabu vyeti vya mapumziko.

Kijana alipokuwa akitoka alikutana mlangoni na muuguzi mwingine, mama mtu mzima aliyefanya kazi pale miaka mingi. Walisalimiana kwa kupeana mikono, kama ilivyo desturi, lakini yule mama hakuuachia mkono. Ulikuwa umelowa jasho la baridi, na siku ile ilikuwa ya mawingu. Akamtazama usoni, akaona anameza mate mara kwa mara. Akamrudisha ndani penye kivuli, na hata pale mboni za macho yake zilibaki ndogo kama ncha ya sindano. Akamwuliza: "Mwanangu, leo umefanya kazi gani?"

Kijana hakujibu. Alitazama mlangoni kama nyapara yupo. Mama akaufunga mlango, akaketi karibu naye, akauliza tena kwa sauti ya chini. Ndipo kijana aliposema: "Mama, nimepiga dawa. Bomba linavuja. Lakini tafadhali usiandike, watanifukuza."

Akavuliwa nguo, akaoshwa mwili mzima kwa sabuni na maji mengi, akachomwa sindano ya atropini, na gari likaitwa kumpeleka hospitali. Wakati huo misuli ya mikono ilikwisha anza kuchezacheza yenyewe. Kijana akapona. Jioni yake karani alikuja na maneno kutoka ofisini, kwamba itafaa ugonjwa ule uandikwe "malaria", maana wakaguzi walikuwa karibu kufika. Mama alikwisha andika: "Sumu ya dawa ya wadudu, kazini." Akasema hatafuta. Mkataba wake ulipokwisha, haukuongezwa.

Nimejiuliza mara nyingi: yule mama alijua nini ambacho nesi kijana hakukijua? Wote wawili walikuwa wamesoma. Labda kijana alikumbuka vitabu kuliko mama. Nimepata jibu kutoka mahali ambapo sikutazamia, yaani kwa wauguzi wenyewe.

Mwaka 1978 muuguzi mmoja wa Marekani, Barbara Carper, alichapisha makala katika jarida la wauguzi na kueleza njia nne ambazo muuguzi hutumia kujua kazi yake. Mpaka leo makala hiyo inafundishwa katika vyuo vya uuguzi. Haikuandikwa kwa ajili ya shamba la kahawa wala kiwanda cha nguo, lakini nilipoelezwa habari zake niliona ni kama mtu ananisimulia yale yaliyotokea mbele ya macho yangu.

Njia ya kwanza ni elimu ya sayansi, ile inayopimwa, kuhesabiwa na kuandikwa vitabuni. Kwa elimu hiyo mama alijua kwamba jasho, mate mengi na mboni ndogo ni dalili za sumu ya aina fulani ya dawa za wadudu, na kwamba sindano ya kuipinga ni atropini.

Njia ya pili Carper aliiita sanaa ya uuguzi. Ni kumwona mtu mzima kwa mara moja na kuzifunga pamoja alama ndogo ndogo ambazo kila moja peke yake haina maana. Mkono uliolowa si ugonjwa. Kumeza mate si ugonjwa. Lakini mkono uliolowa siku ya baridi, kwa kijana mwenye mate mengi na asiyeona vizuri, ni jambo jingine. Fundi wa mashine aweza kusikia sauti ya beringi na kujua kwamba haitamaliza wiki, hata kabla ya kuifungua. Ujuzi huo haukushuka kutoka mbinguni. Umetokana na kazi ya miaka mingi iliyofanywa kwa makini.

Njia ya tatu ni ya kujuana, mtu na mtu. Muuguzi hujijua mwenyewe, na hukutana na mgonjwa kama binadamu, si kama namba ya kadi. Bila njia hii yule kijana asingesema neno lolote juu ya bomba. Alisema kwa sababu mlango ulifungwa, na mtu aliketi karibu naye akamsikiliza. Na hapa lugha ina kazi yake. Mashamba ya miwa ya Busoga na ya chai ya Toro yamekusanya kwa miaka mingi watu wa makabila mengi, na wengine waliovuka mpaka kutoka Rwanda, Burundi na Kongo. Mmoja husema "mwili hauna nguvu", mwingine "nasikia baridi ndani ya mifupa", mwingine husema "naumwa" tu, na kumbe ana mambo kumi moyoni. Muuguzi asiyeijua lugha ya wagonjwa wake, au asiyekuwa na subira nayo, amefungiwa nusu ya elimu yake.

Njia ya nne ni ya maadili, yaani kujua lipi ni haki kutendwa. Karani alipokuja na neno "malaria", hakuna kitabu cha dawa ambacho kingemjibu. Mama alijijibu mwenyewe.

Basi, ndugu zangu, shida yetu ni hii. Kati ya njia hizo nne, mwajiri wetu hulipia moja tu, na hata hiyo hulipia nusu. Amenunua kipimajoto na kopo la vidonge, akasema ameweka huduma ya afya. Kukaa na mgonjwa dakika kumi huitwa kupoteza wakati. Kwenda shambani kutazama mabomba huitwa kuingilia kazi ya wengine. Kuandika ukweli huitwa uchochezi. Kisha meneja hutuonyesha daftari na kusema: "Tazameni, hakuna ugonjwa wa kazi hapa. Ni kichwa, mafua na malaria tu." Daftari haliwezi kusema jambo ambalo hakuna aliyeuliza.

Ndugu wa viwandani wasidhani haya ni mambo ya mashamba peke yake. Chukueni kiwanda cha pamba. Mfanyakazi wa chumba cha kuchana pamba, mwenye vumbi jingi, huona kifua kimembana siku ya Jumatatu baada ya kupumzika Jumapili. Jumanne hupata nafuu, na ifikapo Ijumaa amekwisha sahau. Akienda zahanati Jumatatu hana homa. Msimamizi hucheka na kusema ni pombe ya Jumapili. Kumbe ni ugonjwa wa vumbi la pamba, uitwao bisinosisi, na mtu akiendelea kulivuta vumbi hilo miaka mingi kifua chake hakifunguki tena, iwe Jumatatu au Ijumaa. Katika miaka ya 1950 daktari Richard Schilling aliuchunguza ugonjwa huo katika viwanda vya Lancashire, Uingereza. Alipoupanga kwa madaraja alianza na jambo ambalo wafanyakazi wenyewe walilijua kabla yake, nalo ni kifua cha Jumatatu. Hiyo ndiyo sayansi nzuri, inayoanza kwa kumsikiliza mwenye kifua.

Tena kuna habari ya kiwanda kimoja cha kemikali katika mji wa Lathrop, California. Mwaka 1977 wanaume waliochanganya dawa za kilimo pale walizungumza wao kwa wao, wakagundua kwamba wengi wao hawapati watoto. Mtu mmoja akikosa mtoto, husemwa ni bahati yake au ni mkewe. Wakikosa wengi wa chumba kimoja, hiyo ni habari nyingine. Walidai wapimwe, na vipimo vikaonyesha kwamba mbegu zao za uzazi zimepungua, na kwa wengine zimekwisha kabisa. Dawa iliyowadhuru ilikuwa DBCP, ya kuua minyoo ya ardhini. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wale waliokilalia ndio waliojua kwanza, na maabara ikathibitisha baadaye.

Najua wako watakaonipinga. Watasema: "Ukisifu ujuzi wa mikono na macho, utawapa waajiri sababu ya kuajiri watu wasiosoma na kuwalipa kidogo. Na utafungua mlango kwa kila mwenye kubahatisha." Jambo hili ni la kweli, na sitaki nieleweke vibaya. Moyo mwema bila atropini usingemwokoa yule kijana. Mama alijua kwa macho na kwa mikono kwa sababu kwanza alisoma, na baadaye aliendelea kusoma kwa wagonjwa wake. Florence Nightingale, aliyewauguza askari wa Uingereza katika vita vya Crimea kuanzia mwaka 1854, watu humkumbuka kwa taa yake ya usiku. Wachache hukumbuka kwamba alihesabu vifo na kuonyesha kwa michoro kwamba maradhi yaliua askari wengi kuliko majeraha, na kwa hesabu hizo aliibana serikali. Taa na hesabu zilikuwa katika mikono ya mtu mmoja. Kwa hiyo hatusemi kipimajoto kitupwe. Twasema kisiwe hakimu wa peke yake.

Kuna jambo la tano. Mwaka 1995 muuguzi Jill White wa Australia aliandika kwamba njia nne za Carper zamwacha muuguzi chumbani pamoja na mgonjwa, bila kutazama nje ya dirisha. Muuguzi apaswa pia kuijua jamii na siasa zinazomzunguka mgonjwa: nani ana sauti, nani hana, na nani hupanga mambo. Kwa lugha yetu ya chama, ni kuuliza ni nani aliyenunua bomba linalovuja, na ni nani aliyeamua kwamba glavu ni ghali. Ukimtibu kijana leo na kumrudishia bomba lilelile kesho, umetibu nini?

Na tutazame pia hali ya muuguzi mwenyewe. Yeye naye ni mfanyakazi. Anaamka usiku, anahudumia watu wengi peke yake, na mshahara wake unatoka katika mfuko uleule unaotulipa sisi. Tukitaka atumie njia zote za kujua, ni lazima apewe muda, apewe mwenzake wa kumsaidia, na apewe ulinzi. Shirika la Kazi Duniani liliona jambo hili zamani. Mwaka 1977 lilipitisha Mkataba Namba 149 juu ya wauguzi na hali zao za kazi. Mwaka 1985 likapitisha Mkataba Namba 161 juu ya huduma za afya kazini. Mkataba huu wa pili wasema mambo mawili ambayo kila mwakilishi wetu afaa ayajue kwa moyo. Kifungu cha 10 chasema watoa huduma hiyo wawe huru kabisa katika utaalamu wao, wasiamriwe na mwajiri wala na wafanyakazi. Kifungu cha 15 chasema mwajiri asiwatake kuhakikisha sababu za mfanyakazi kutofika kazini. Yaani muuguzi si polisi wa watoro. Mkataba huifunga nchi iliyouridhia, lakini hakuna anayetukataza kuuweka juu ya meza tunapojadiliana na mwajiri. Tena mwezi Juni 2022 mkutano wa Shirika hilo uliyaingiza mazingira salama na yenye afya ya kazi katika haki za msingi za mfanyakazi.

Kabla ya kudai, tujisahihishe. Wako kati yetu wanaokwenda zahanati kwa sababu ya uvivu, wanaoazimana kadi, na wanaouza vidonge kwenye laini. Wako wanaomtukana nesi akiwanyima cheti. Kila mmoja wa hao humfundisha muuguzi kutotuamini, na atakayelipa ni mgonjwa wa kweli wa kesho. Wako pia wanaoficha ugonjwa kwa kuogopa kupoteza siku, kama yule kijana alivyotaka kuficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sasa nataja mambo ambayo naona tuyapeleke katika mikutano ya matawi:

1. Daftari la zahanati liwe na safu ya kazi: mgonjwa alikuwa akifanya kazi gani, wapi, na kwa dawa gani. Daktari Bernardino Ramazzini wa Italia aliwaambia madaktari wenzake tangu mwaka 1700 kwamba wamwulize mgonjwa kazi yake. Miaka zaidi ya 300 imepita, na swali hilo halina gharama hata senti.

2. Orodha ya dawa zote zinazotumika shambani au kiwandani ibandikwe katika zahanati, pamoja na dalili za sumu zake na dawa za kuzipinga. Dawa hizo ziwepo kabatini, si katika orodha tu.

3. Muuguzi apewe nafasi ya kuzunguka mahali pa kazi walau mara moja kila mwezi, ayaone mabomba, vumbi na joto kwa macho yake, akiwa pamoja na mwakilishi wa wafanyakazi.

4. Siri ya mgonjwa ilindwe. Ofisi na chama wapewe hesabu za magonjwa kwa kila idara, bila majina.

5. Kila baada ya miezi mitatu muuguzi na wawakilishi wa makundi wakae pamoja kulinganisha walichoona. Yeye alete daftari lake, sisi tulete habari za chumbani na mistarini. Huenda ndipo tutakapoona kifua cha Jumatatu cha mahali petu.

6. Muuguzi anayeandika ukweli atetewe na chama sawasawa na mwanachama aliyeonewa. Na wauguzi nao wakaribishwe chamani, wasijione kuwa ni watu wa ofisi.

Hili la sita naliandika kwa aibu. Yule mama alipofunga mizigo yake tulikuwa watu wengi tuliojua sababu. Kijana aliyeokolewa alijua. Mimi nilijua. Tulimsindikiza mpaka kituo cha basi, tukambebea sanduku na kuku wake wawili, tukamshukuru sana. Lakini hakuna aliyekwenda ofisini kuuliza kwa nini mkataba haukuongezwa. Tulisema hayo ni mambo ya wakubwa. Baada ya hapo zahanati ilibaki na yule nesi kijana peke yake, pamoja na kipimajoto chake, na hakuna aliyebaki pale wa kumfundisha yale mengine.

Ndugu, wauguzi wa namna ya yule mama wako mpaka leo katika zahanati zetu. Tukiwaacha peke yao wataondoka mmoja mmoja, au watajifunza kuandika "malaria". Tuwajue, tuwasikilize, na siku wakisumbuliwa kwa ajili ya maisha yetu, safari hii tusiishie kituo cha basi.